Kuokoa Mchezo Uliokwisha Kupotea: Mwongozo wa Sare ya Kukwama katika Sataranji

Katika omweso, mchezo wa mashimo 32 ambao wazee wa Buganda huucheza kivulini alasiri nzima, mchezaji asiyebakiwa na hatua ya kucheza amekwisha. Ndivyo ilivyo pia katika drafti, ile inayochezwa kwa vifuniko vya soda kwenye stendi za bodaboda. Sataranji haifuati desturi hiyo. Ikiwa ni zamu yako, mfalme wako hajapigwa cheki, na hakuna kete yako hata moja yenye hatua halali, mchezo umekwisha papo hapo kwa sare, hata kama mpinzani ana malkia wawili na wewe umebaki na mfalme peke yake. Wengi wa watoto ninaowafundisha hapa Busia, upande wa Uganda, walijua omweso na drafti kabla ya sataranji, na kwa hiyo huiona hali hiyo kuwa kifo. Hukata tamaa pale pale ambapo wokovu wao umekaribia.

Nilishuhudia jambo hilo kwa karibu mchana mmoja wa mvua, mabati yakipiga kelele kiasi kwamba hatukusikilizana vizuri. Msichana wa miaka 12 alikuwa na kete nyeusi: mfalme h8 na kitunda kimoja a5, ambacho kilikuwa kimezuiwa na kitunda cheupe cha a4. Mvulana aliyekuwa mbele yake alimnyanyua malkia kutoka g3, akamweka g6 kwa nguvu, kama mtu anayefunga mlango. Msichana akatazama ubao, akanyoosha mkono ili akubali kushindwa, kisha akanigeukia: "Mwalimu, sina pa kwenda. Nimeshindwa?" Nilimwambia ataje kila mraba wa mfalme wake. G8 unalindwa na malkia, g7 unalindwa, h7 unalindwa. Kitunda hakiwezi kusogea. Na h8 penyewe hapajashambuliwa. Alipomaliza kutaja, mvulana alikuwa ameshajishika kichwa. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba hatua nne kabla ya hapo msichana huyo alikuwa amekisogeza kitunda chake kutoka a6 hadi a5 kwa kukosa la kufanya tu. Mwongozo huu unakusudia kumfanya mchezaji afanye kwa makusudi kile ambacho yeye alikifanya kwa bahati.

Nitatumia maneno haya: mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi na kitunda, cheki kwa mfalme kushambuliwa, mati kwa mfalme kushambuliwa bila njia ya kujiokoa, na kukwama kwa kile ambacho wengine hukiita stelimeti. Safu zinakwenda kwa herufi a hadi h, mistari kwa namba 1 hadi 8, na upande mweupe uko chini. Ni vizuri uwe na ubao mkononi unaposoma, kwa sababu mifano hii haieleweki kwa macho peke yake.

Hatua ya kwanza: kubali kwamba mchezo umepotea, kisha uulize umepoteaje

Mchezaji anayejidanganya kwamba bado yuko sawa hucheza hatua za kawaida, na hatua za kawaida katika hali mbaya humfikisha kwenye kushindwa kwa utaratibu. Ondoa mikono mezani. Hesabu kete za pande zote mbili. Jiulize mpinzani atashinda kwa njia gani hasa: kwa kumshambulia mfalme, kwa kupandisha kitunda (yaani kukifikisha mstari wa mwisho ili kigeuke malkia au kete nyingine), au kwa kubadilishana kete hadi wingi wake uonekane? Jibu la swali hilo linaamua utetezi. Anayeshambuliwa mfalme anahitaji kubadilisha malkia. Aliyepungukiwa na kete anahitaji kubadilisha vitunda.

Jambo hili la mwisho ninalisisitiza kila wiki. Aliye mbele hupenda kubadilisha kete kubwa na kubaki na vitunda, kwa sababu kitunda ndicho kitakachozaa malkia. Aliye nyuma afanye kinyume chake: abadilishane vitunda kila anapoweza, ahifadhi kete kubwa. Mpinzani aliyebaki na askofu mmoja bila kitunda, au farasi mmoja bila kitunda, hawezi kumpa mati mfalme aliye peke yake. Hata farasi wawili bila kitunda hawawezi kulazimisha mati. Kwa hiyo kitunda cha mwisho cha mpinzani kina thamani kubwa kwako kuliko unavyodhani, na mara nyingi inafaa kumtoa farasi au askofu wako ili kukiondoa.

Hatua ya pili: zijue sare ambazo hazihitaji hila

Kabla ya kutafuta mitego, tazama kama kuna sare ya kweli ambayo unaweza kuikimbilia. Kitunda cha pembeni, yaani cha safu ya a au ya h, ni rafiki mkubwa wa anayejitetea. Mpinzani akiwa na mfalme na kitunda hicho tu, na mfalme wako akiwahi kona ya mbele yake, hatolewi. Mfalme mweupe akiwa a6, kitunda chake a7, na mfalme wako a8, ikiwa ni zamu yako umekwama: b8 unalindwa na kitunda, b7 unalindwa na mfalme, na kitunda chenyewe huwezi kukila.

Kuna pia askofu wa rangi isiyofaa. Mpinzani akiwa na kitunda cha safu ya h, mraba wake wa kupandia ni h8, ambao ni mweusi. Ikiwa askofu wake anatembea kwenye miraba myeupe, hawezi kamwe kukutoa kwenye kona hiyo, na ukiwahi kufika h8 mchezo ni sare hata kama ana askofu na kitunda kizima cha ziada. Wapo wachezaji wa miaka mingi ambao huingia katika hali hii wakidhani wanashinda, kwa sababu wamehesabu kete bila kuitazama rangi ya mraba.

Malkia dhidi ya kitunda kilichofika mstari wa mwisho kasoro mmoja panahitaji kukaa kidogo. Tuseme wewe ni mweusi, una kitunda kwenye mstari wa 2, mfalme wako yuko kando yake, na mfalme mweupe yuko mbali. Kitunda kikiwa safu ya b, d, e au g, malkia hushinda: humlazimisha mfalme wako asimame mbele ya kitunda chake mwenyewe, na kila mara hilo likitokea mfalme mweupe hupata nafasi ya kusogea hatua moja. Kikiwa safu ya a, mambo hubadilika: mfalme wako akisukumwa hadi a1 mbele ya kitunda chake cha a2, amekwama, na mweupe analazimika kumwachia badala ya kumsogeza mfalme wake. Kikiwa safu ya c, hila ni nzuri zaidi. Malkia akipiga cheki kutoka b3 wakati mfalme wako yuko b1 na kitunda c2, usirudi nyuma kukilinda kitunda, nenda a1. Malkia akikila kitunda kwenye c2, anaifunga miraba ya b1, b2 na a2 kwa pamoja, nawe umekwama. Safu za h na f ni hivyo hivyo kwa upande wa pili. Angalizo ni moja tu: mfalme mweupe akiwa karibu, anaweza kufika kwa wakati na kukupa mati, kwa hiyo pima umbali wake kabla ya kuingia huko.

Kwa ngome na kitunda dhidi ya ngome, nitasema kwa ufupi. Ukiwa mweusi, mfalme wako akae mbele ya kitunda, ngome yako ikae mstari wa 6 ili mfalme mweupe asivuke. Kitunda kikiingia mstari wa 6, peleka ngome mstari wa 1 na uanze kupiga cheki kutoka nyuma.

Hatua ya tatu: jenga kukwama kwako mwenyewe

Kukwama kunataka mambo matatu yatimie: mfalme asiwe na mraba, vitunda vyote viwe vimezuiwa, na kete nyingine zote ziwe zimetoka ubaoni au zimefungwa. Anza na mfalme. Kona ndiyo nyumba bora, kwa kuwa ina miraba mitatu tu ya kuifunga. Kumbuka pia umbo moja ambalo watoto wangu hulikariri: malkia wa mpinzani akiwa mruko mmoja wa farasi kutoka kwa mfalme wako aliye kona, kama h8 na g6, au a8 na c7, miraba yote mitatu imefungwa na hakuna cheki. Mpinzani anayecheza haraka humweka malkia hapo mara nyingi mno, kwa sababu anaona tu kwamba mfalme amebanwa.

Kisha shughulikia vitunda. Kitunda chenye nafasi ya kusogea ni adui wa mpango huu. Kisukume kigongane na kitunda cha mpinzani, au kitoe kiliwe. Hapa ndipo anayejitetea anapojikuta akikimbiza vitunda vyake mbele kana kwamba ana haraka ya kuvipoteza, na mpinzani asiyejua huchukulia kwamba mwenzake amechanganyikiwa.

Kinachobaki ni kete ya mwisho inayotembea, na hapo tunaingia katika sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Ngome kichaa

Panga ubao hivi. Nyeupe: mfalme h1, ngome a7, kitunda h4. Nyeusi: mfalme g8, malkia g3, ngome e2, kitunda h5. Ni zamu ya nyeupe, na nyeusi anatishia mati kwa malkia g2. Tazama sasa: mfalme mweupe hana mraba hata mmoja, maana malkia wa g3 anafunga g1, g2 na h2; kitunda cha h4 kimezuiwa na cha h5. Ngome pekee ndiyo inayotembea. Kwa hiyo ngome ikifa, ni sare.

Ngome inakwenda g7, cheki. Mfalme akiila, nyeupe amekwama. Malkia akiila kutoka g3, bado nyeupe amekwama, kwa sababu malkia wa g7 anaendelea kuangalia g1 kwenye safu yake, na ngome ya e2 inafunga g2 na h2. Mfalme akikimbilia h8, ngome inakwenda h7, cheki. Akiila ni sare, akirudi g8 ngome inarudi g7, na mzunguko unaanza upya. Akitokea f8, ngome inaingia f7 na kuendelea kumfuata.

Usidhani hata hivyo kwamba ngome kichaa inaweza kutupwa popote. Mfalme mweusi akikimbia hadi upande wa safu ya a, malkia wa g3 anaweza kuila ngome kwa mshazari unaokwenda kutoka h2 hadi b8. Akiila kwenye c7 au b8, ameacha safu ya g, mraba wa g1 unafunguka, na sare imeyeyuka. Kwa hiyo kabla ya kila cheki jiulize swali moja: ni kete gani zinaweza kuila ngome yangu hapa, na baada ya kila moja kuila, je, bado nimekwama? Mpinzani naye anatafuta jambo hilo hilo, yaani mraba ambapo kulazimika kwake kula hakutakufunga.

Hila hii ilimwokoa Larry Evans alipocheza na Samuel Reshevsky katika mashindano ya ubingwa wa Marekani ya msimu wa 1963 na 1964. Evans alikuwa amekwisha kupotea. Akasogeza kitunda kwa namna iliyoonekana kama kuchelewesha kifo tu, Reshevsky akala kitunda kwenye g3 na malkia wake, na ghafla Evans akamtoa malkia wake mwenyewe kwenye g8, kisha akaitupa ngome kwenye g7. Reshevsky, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa zama zake, hakuwa na namna ya kukwepa sare. Naueleza mchezo huo kwa kila kundi jipya kwa sababu mtego haukuanza kwenye g8. Ulianza kwenye ile hatua tulivu ya kitunda.

Hatua ya nne: weka mtego pale ambapo hatua ya kawaida ndiyo kosa

Mtego mzuri una sifa mbili. Kwanza, hatua ambayo mkono wa mpinzani unataka kuicheza ndiyo inayoharibu ushindi wake. Pili, asipoingia mtegoni, wewe hujawa katika hali mbaya kuliko uliyokuwa nayo. Mtego unaokugharimu kitunda au nafasi, na ambao mpinzani anauona kwa kutazama mara moja, ni kamari, nami simfundishi mtoto kamari.

Mfano bora ninaoujua ni ule uliopata umaarufu mwaka 1895 huko Glasgow kwa jina la padri Mhispania aliyeishi mjini humo, Fernando Saavedra. Nyeupe: mfalme b6, kitunda c6. Nyeusi: mfalme a1, ngome d5. Nyeupe anacheza kitunda c7. Nyeusi hana budi kupiga cheki: ngome d6, mfalme b5, ngome d5, mfalme b4, ngome d4, mfalme b3, ngome d3, mfalme c2. Sasa cheki zimeisha na kitunda kinakaribia kupanda. Nyeusi anakwenda kimya kimya d4. Mchezaji gani asingempandisha malkia? Lakini malkia akitokea c8, ngome inaingia c4 kwa cheki, malkia analazimika kuila, na mfalme wa a1 amekwama: a2 unalindwa na malkia, b1 na b2 zinalindwa na mfalme wa c2.

Watu waliamini kwamba hali hiyo ni sare hadi Saavedra alipoonyesha kwamba nyeupe apandishe ngome badala ya malkia. Hapo nyeusi anatishiwa mati kwenye a8, ngome yake inakwenda a4 kuzuia, nyeupe anacheza mfalme b3, na vitisho viwili vinatokea kwa wakati mmoja, mati kwenye c1 na kuliwa kwa ngome ya a4. Fundisho kwa anayejitetea liko katika ile hatua ya d4: haikumpa mpinzani chochote ambacho hakuwa nacho, na ilimtaka apate hatua moja pekee, hatua ambayo waliomtangulia Saavedra hawakuiona.

Hatua ya tano: saa na kanuni

Nimeona michezo mingi zaidi ikiokolewa na saa kuliko na akili, na hili si jambo la kuonea aibu, kwa kuwa saa ni sehemu ya mchezo. Ukiwa umepotea, hifadhi dakika zako. Cheza hatua zilizo wazi kwa haraka, tumia muda pale ambapo kuna uamuzi wa kweli, na mpe mpinzani maswali mapya badala ya kumwachia njia moja iliyonyooka.

Kuna kanuni moja ambayo inagongana na yote niliyosema kuhusu kutupa vitunda, na lazima uipime. Kwa kanuni za FIDE, yaani shirikisho la sataranji duniani, saa ya mpinzani ikiisha na wewe una mfalme peke yake, matokeo ni sare. Lakini ukiwa na kitunda hata kimoja, kwa kawaida unashinda, kwa sababu kitunda hicho kingeweza kupanda na kutoa mati. Basi mpinzani akiwa na sekunde chache, tunza kitunda chako cha mwisho kama mboni ya jicho. Akiwa na muda mrefu, kukwama ndiko tumaini lako, na kitunda hicho hicho ni mzigo. Katika mashindano moja jijini Kampala nilikitupa kitunda changu cha mwisho nikitafuta kukwama, na baada ya hatua tatu saa ya mpinzani ikaisha. Nilipata nusu pointi mahali ambapo nilikuwa na pointi nzima. Tangu siku hiyo hutazama saa kabla ya kukigusa kitunda cha mwisho.

Fahamu pia namna ya kudai haki yako. Hali ile ile ya ubao ikitokea mara 3, zamu ikiwa ya mchezaji yule yule, unaweza kudai sare. Ikiwa ni hatua yako ndiyo itakayoileta mara ya tatu, iandike kwanza kwenye karatasi bila kuicheza, kisha umwite mwamuzi na kumweleza. Zikipita hatua 50 za kila upande bila kitunda kusogezwa na bila kete kuliwa, unaweza kudai pia. Haki hiyo huwafaa hasa wanaojitetea dhidi ya mpinzani anayezunguka bila kujua njia, kwa hiyo endelea kuandika hatua zako hata kama umechoka. Bila karatasi, dai lako halina ushahidi.

Na ukikwama kweli, usiguse kete yoyote. Simamisha saa, mwite mwamuzi, mwonyeshe mraba mmoja mmoja. Usimcheke mpinzani. Watoto wengi waliokuja kwangu walivutwa na habari za Phiona Mutesi, mchezaji wa Uganda aliyejifunza kwa Robert Katende katika mtaa wa Katwe jijini Kampala na kupata cheo cha kimataifa kwenye Olimpiadi ya Istanbul mwaka 2012, nami huwaambia kwamba mtu aliyekosa ushindi wa wazi ana maumivu makali kuliko aliyeshindwa, na anastahili heshima.

Je, ni wakati gani wa kukubali kushindwa? Rai yangu ni kwamba mtoto anayejifunza asikubali kamwe, bali acheze hadi mati, kwa sababu kila mati anayoipokea ni umbo atakalolitumia kesho. Mchezaji mzoefu akubali pale anapoweza kusema kwa uaminifu kwamba mpinzani anajua njia, ana muda wa kutosha, na hakuna mtego unaobaki.

Kwa mazoezi, chukueni mifano miwili, ule wa ngome kichaa na ule wa padri Saavedra, mcheze wawili wawili mkibadilishana pande. Anayecheza nyeupe katika mfano wa pili asiambiwe jibu kabla. Katika mfano wa kwanza, anayecheza nyeusi apewe dakika 10 za kutafuta njia ya kumtorosha mfalme wake hadi safu ya a au b, na anayecheza nyeupe ataje kwa sauti, kabla ya kila cheki, ni nani anayeweza kuila ngome na g1 itakuwaje.